Kitabu cha Shangazi Etelka Ndani ya Nailoni

Jirani yetu hapa Szeged, Hungaria, Shangazi Etelka, ana miaka sabini na minane. Mwanangu Bence amelihifadhi kwa moyo shairi la konokono alilotunga shangazi huyo, kama watoto wote wa chekechea. Mwaka huu Shangazi ameandika kitabu kuhusu miaka arobaini aliyoishi na Gizella, mwanamke aliyempenda mpaka akamzika. Alitaka jambo moja tu: watu wafungue ukurasa wa kwanza, waone jina la Gizella.

Wiki ya Vitabu ilipofika, aliwekewa meza uwanjani. Vitabu vya konokono vilikuwa wazi. Hicho kipya kilifungwa nailoni, kwa sababu ya sheria inayotaka vitabu vya mapenzi ya jinsia moja vifungwe, watoto wasivione.

"Nifungulie kimoja tu, kijana," alimwambia muuzaji.

"Bibi, ukikichana hapa nitapigwa faini mimi."

"Sasa nisaini wapi, kwenye paji la uso wako?"

Akasaini juu ya nailoni. Wino ukateleza, ukampaka vidole. Nikanunua kimoja, nikaichana nailoni kwa meno huku nimembeba Bence. Muuzaji akageuka kuangalia njiwa. Shangazi akaniandikia kwenye ukurasa wa kwanza.

Nyuma yangu mama mmoja alikisukuma kile kipya pembeni kwa kidole, akachukua cha konokono.

"Shangazi, sisi tumekua na wewe! Mwandikie binti yangu."

"Na hiki je?"

"Aa, hayo ni mambo yako."

Etelka akafunika kalamu. "Basi hata konokono ni wangu," alisema, akamrudishia kitabu bila kukisaini.