Kakakuona Aliyeingia Kwenye Kanzu ya Akida

Kwetu milimani, juu ya Mpwapwa, wanyama wana adabu kuliko watu wa serikali. Pimbi akikusikia unakuja hupiga kelele kwanza, ndipo akimbilie mawe yake. Fisi naye hucheka kabla ya kuiba. Akida alikuwa haji na kelele wala kicheko. Unatoka asubuhi kwenda kukojoa, unamkuta kasimama uani na askari wake, kanzu nyeupe pee, anauliza baba yako yuko wapi.

Huyo akida alikuwa mtu wa pwani, Wadachi wamemweka atawale milima ambayo yeye mwenyewe hakuipenda hata kidogo. Kila mnyama tuliyemtaja, kwao alikuwapo wa ajabu zaidi. Tukisema nyani, yeye anasema nguva, mnyama wa baharini mwenye matiti, ananyonyesha mwanawe majini. Siku aliyokuja kukagua shule yetu nilinyoosha mkono nikauliza kwa heshima zote, "Shikamoo, bwana akida. Huyo nguva, maziwa yake yana chumvi?" Nilichapwa vya kutosha kwa swali hilo, na mpaka leo sijajibiwa.

Sasa mwaka huo, mawingu yameanza kujikusanya, akaja kutafuta wanaume wa kwenda Gulwe kujenga tuta la reli. Baba alitajwa wa kwanza. Mbaya zaidi, mwaka wa nyuma yake tulichelewa kupanda, mtama ukakaukia shambani, tukala mizizi. Baba akienda, jembe lake linakuwa langu, na shule kwaheri. Sisemi kwamba naipenda shule. Lakini shuleni unaimba habari za Kaisari ukiwa umekaa. Shambani nani anakaa? Mama, ambaye hana utani kama mimi, aliposikia habari hiyo aliketi chini pale pale jikoni, mwiko mkononi.

"Kesho kutwa wawe tayari," akida alisema, akaondoka.

Kesho yake nikapanda majabalini kutega pimbi. Ndani ya ufa wa jiwe nikamkuta kakakuona. Kwa asiyemjua, ni kama samaki aliyepotea njia akaota miguu: magamba tangu kichwani mpaka mkiani, kinywani hana jino hata la dawa, ulimi mrefu wa kulia mchwa. Jua halitaki kabisa. Mchana hujificha penye giza, ndiyo maana kumwona ni jambo kubwa. Nikamfunga kwenye shuka langu, nikashuka naye mbio.

"Mweke chini taratibu, mpuuzi wewe!" bibi alinifokea. "Umebeba mwaka mzima humo!"

Kwetu kakakuona ndiye anayesema mwaka utakuwaje. Huwekwa katikati ya uwanja, mbele yake vinapangwa vitu: kibuyu cha maji, ungo wa mtama, mkuki. Watu wote huchuchumaa mbali, kimya. Akiendea maji, mvua ipo. Akiendea mkuki, ni vita, anza kuhama.

Wazee wakamfuata akida. "Mbukwa, bwana," wakamwamkia kwa lugha yetu. "Tunaomba mnyama aseme kwanza. Akienda kwenye maji, utuachie wanaume mpaka wapande."

Akida akacheka hadi kofia ikamchezacheza kichwani. "Na asipoenda?"

"Tutakwenda Gulwe wenyewe, bila kusukumwa na askari."

Akakubali. Tena akaongeza kitu chake, msumari mkubwa wa reli, akauweka karibu na kibuyu. Mama aliutazama kama anavyotazama nyoka.

Jua lilikuwa utosini. Tukachuchumaa wote, isipokuwa akida.

"Mimi nichuchumae? Kwa ajili ya mdudu?"

Akabaki amesimama peke yake ukingoni mwa uwanja, miguu kaipanua, kanzu imeshuka mpaka vifundoni.

Kakakuona alikuwa amejikunja kama mpira. Tukangoja. Miguu ikafa ganzi. Mzee mmoja akasinzia, akaanguka chali. Kicheko kilinipanda mpaka puani. Bibi akanifinya paja. Mwishowe pua ikachomoza. Mnyama akausogelea mtama, akapiga chafya. Mkuki akaukanyaga tu. Akauendea msumari, akaunusa, akaunusa tena. Akaupita! Akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani kama mtu anayeomba radhi, akatazama huku na huku akitafuta kivuli. Uwanja mzima kivuli kilikuwa kimoja.

Akaingia chini ya kanzu ya akida kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

"Mama yangu! Mtoeni! Ana kucha! Anapanda, anapanda!"

Askari wakainua bunduki wasijue wamlenge nani. Akida akaruka kwa mguu mmoja mpaka katikati ya uwanja, akakanyaga msumari wake mwenyewe, akateleza, akakaa juu ya kibuyu. Pwaa! Maji, akida na mnyama wakawa tope moja. Kakakuona akatoa kichwa penye pindo la kanzu, akanyoosha ulimi wake ule, akanywa.

"Maji!" mama alipiga ukelele. Vigelegele vikalipuka kila upande.

"Haihesabiwi!" akida alifoka akiwa bado kakaa. "Nimeyamwaga mimi!"

Bibi akamwinamia. "Ndiyo, baba. Kakuchagua wewe uyamwage. Mvua ya mwaka huu iko mikononi mwako."

"Mikononi mwangu vipi?"

"Isiponyesha, watu watakuuliza wewe. Na aliyechaguliwa ndiye anayepiga jembe la kwanza."

Desturi hiyo ya jembe sikuwahi kuisikia kabla ya siku hiyo, lakini wazee wote waliitikia kwa vichwa kana kwamba wamezaliwa nayo. Akida akawatazama watu, akayatazama mawingu, akawaambia askari wake waende zao.

Kakakuona tulimfunika kaniki, nikamrudisha kwenye ufa wake. Mvua ilipokuja, akida alifika shambani kwetu, kanzu kaifunga kiunoni, jembe mkononi, anakagua kila anapokanyaga. Baba alikuwa nyuma yake, na mimi nyuma ya baba na mbegu.

"Bwana akida," nilimwita, "shikamoo. Nyuma yako hapo, pana nini?"

Aliruka hadi jembe likamtoka. Hapakuwa na kitu. Baba akanikimbiza shamba zima na mpini, mama akimshangilia kwa sauti, nami nakimbia nacheka. Wenzangu wa vijiji vya jirani, ambao baba zao walipelekwa Gulwe, nani wa kuwakimbiza?