Kona ya reli tatu: nilivyojenga reli ndogo ya mkonge, na aliyekuja kuiona

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakongwe wa jukwaa na sisi tuliojiunga juzi.

Mimi ni mtunzi. Naandika riwaya, na nina kikundi changu cha waandishi pale Lindi mjini, kwa hiyo najua kuna mtu atasoma nusu aseme "huyu anatunga." Sitamlaumu. Mjue tu kwamba ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi ya hii niliyopata.

(Ndiyo, ni mwanamke. PM zenu ziache zipumzike.)

Mwaka juzi riwaya yangu ilikwama. Inahusu shamba la mkonge pwani ya Lindi, tangu Uhuru mpaka watu walipohamia vijiji vya ujamaa. Watu ninao, mapenzi ninayo, hata mvua ninayo. Nilichokosa ni mahali pa kuwasimamisha. Mtu wangu anatoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, na mimi sijui anapita kushoto au kulia.

Shamba lile lilikuwa na reli yake. Siyo hii ya treni mnayoijua. Ni reli nyembamba, upana wake hatua fupi ya mtu mzima, ya kuteremsha majani ya mkonge kutoka mlimani mpaka korona. Korona ni mashine ya kusaga mkonge, wazee wanaiita hivyo tangu zamani, msianze kuvaa barakoa.

Nikaamua kuijenga. Ndogo, juu ya ubao, ili nione kwa macho.

Wenzangu kwenye kikundi walinicheka wakachoka. Mmoja akaniambia, "Dada, wenzio wakikwama wanakunywa kahawa. Wewe unacheza midoli."

Ubao wangu ulikuwa mlango wa kabati bovu. Reli nikatengeneza kwa spoku za baiskeli. Mataruma, yale magogo ya kulalia reli, nikakata kwenye njiti za makuti. Mota ilitoka kwenye redio kaseti ya marehemu bibi, ikaendesha kichwa cha treni kidogo, cha bati la dawa ya mbu.

Milima nikaijenga kwa magazeti na gundi ya uji wa muhogo. Kosa kubwa. Wiki ya pili sisimizi walikuwa wamekula nusu ya mlima. Nikajenga upya kwa saruji kidogo na maranda.

Ninachojivunia hadi leo ni breki. Kule shambani kichwa kilipandisha troli, vile vigari vya mzigo, zikiwa tupu tu. Zikishajaa, ziliteremka zenyewe kwa uzito wake, na nyuma ya kila troli alisimama mtu na gogo la breki, anakandamiza gurudumu. Mimi nikaweka ukanda wa mpira wa ndala katikati ya reli. Ukivuta mpini pembeni mwa ubao, ndala inainuka na kusugua tumbo la troli. Ukilegeza, inakimbia.

Sasa njooni kwa babu.

Babu mzaa mama, Mzee Saidi, ni Mmwera wa Nyangamara, mtu wa mikorosho yake na kikohozi chake. Ujanani alikuwa mtu wa breki kwenye reli ile ile. Mtu yeyote angesema basi nina bahati, chanzo ninacho nyumbani. Lakini kila nilipomuuliza kuhusu reli, alinijibu kuhusu korosho.

"Babu, troli moja ilibeba mizigo mingapi?"

"Mke wangu, mwaka huu maua yamewahi."

Ndivyo anavyoniita, kama mababu wote wa kwetu. Nami nilikuwa namwita mume wangu, na mume wangu alikuwa hasemi.

Katikati ya kazi hiyo tukapata msiba Nyangamara, jirani yake babu. Mliokulia kusini mnajua mambo ya watani. Maiti iko tayari, watu wana huzuni, mara mtani wa marehemu, mzee mzima, anarukia kaburini analala chali. "Hapa pangu! Huyu alizoea kunilia vyangu, leo nimemuwahi. Leteni kuku nitoke." Watu wakacheka na machozi yao. Akapewa kuku, akatoka, akawa wa kwanza kupokea maiti kwa mikono miwili. Na yeye ndiye aliyelia kuliko wote.

Tukirudi, babu alitangulia mbele. Tulipofika uani akasema, kama anasema na mlango:

"Mimi wangu hayupo. Nitazikwa kimya kama mgeni."

Mama ndiye aliyenieleza. Mtani wa babu anaitwa Donati, Mmakonde wa kule juu uwandani, Mkristo. Walianza kazi shambani siku moja, na hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana. Baada ya Azimio la Arusha shamba likawa la serikali, na muda wa kuhamia vijijini ulipofika, walipewa viwanja vinavyopakana. Kisha ikatokea ajali. Troli ya babu iliacha reli kwenye kona, Donati akiwa amekaa juu ya mzigo. Mguu wake wa kulia ukakatwa. Ikasemwa kwamba mtu wa breki alisinzia.

Tangu siku ile Donati hakumtukana tena. Wakikutana njiani, alimwambia "salama, Mzee Saidi," akapita. Nyie mnajua, kwa watani heshima ya namna hiyo ni mlango uliofungwa.

Miaka hamsini.

Nikajenga kona hiyo kwa uangalifu. Nilikwenda shambani kwenyewe. Reli zimeng'olewa zamani, nyingine ni nguzo za mazizi, lakini tuta lake bado lipo. Nikapima kwa hatua na kamba. Ilikuwa kona nzuri, ya duara, laini. Troli yangu iliipita na mzigo wake kama maji.

Nikasikitika, wakuu. Nilisema moyoni, basi ni kweli. Mume wangu alisinzia.

Mwezi mmoja baadaye babu akaja mjini kupimwa kifua, akafikia kwangu. Ubao ulikuwa sebuleni, hapakuwa na pa kuuficha. Kikundi chetu kilikuwa kinaandaa maonyesho ya kazi za vijana kwenye ukumbi mmoja, na mimi nilishaandikishwa na reli yangu.

Babu akauinamia ubao. Akagusa paa la korona. Akahesabu safu za nyumba za kijiji cha ujamaa, akagusa moja. "Hii yangu." Akagusa iliyopakana nayo, akaiacha.

Kisha kidole chake kikafuata reli mpaka kwenye kona, kikasimama.

"Hata wewe umeilainisha," akasema.

"Nimelainisha nini, babu?"

Akakaa. Siku hiyo hakuongelea korosho.

Kijiji kilipopimwa, alisema, safu ya mbele ya nyumba iliangukia juu ya reli. Na mgeni wa serikali alikuwa anakuja kukizindua. Ikaamriwa reli isogezwe, na isogezwe upesi. Lakini chombo cha kupindia reli kilikuwa kimevunjika, kingine hakuna. Wafanyakazi wakafanya walichoweza. Walichukua vipande vitatu vya reli vilivyonyooka, wakaviunga kimoja baada ya kingine, kila kiungo kimekunjika kama goti. Msimamizi akasema zitapita. Na kweli, wiki nzima zilipita, maana watu walikuwa kwenye kujenga na troli zilibeba nusu. Siku ya kwanza ya mzigo kamili ilikuwa siku ile.

"Kesho yake kona ilikuwa imeshapindwa vizuri," babu akasema. "Kifaa kilitafutwa sehemu nyingine, kikapatikana asubuhi moja. Waliokuja kuchunguza walikuta kona safi. Kilichobaki kibaya pale nilikuwa mimi."

"Kwa nini hukumwambia Donati?"

"Alilala hospitali ya misheni miezi mitatu. Aliporudi akaona kona ya duara, na wenzie walishamwambia nilisinzia. Na mimi ningemwambiaje?" Akakohoa. "Zile reli tatu aliziunga yeye. Yeye na kundi lake. Ningemwendea mtu hana mguu nimwambie, uliukata mwenyewe?"

Wakuu, nikang'oa kona yangu mchana ule ule.

Nikakata spoku tatu zilizonyooka, nikaziunga kama alivyoonyesha, magoti mawili. Troli tupu ikapita, inagongagonga. Nusu mzigo, ikapita. Nikapakia mpaka juu, vipande vya misumari nimevifunga kwa nyuzi za katani. Ikafika goti la pili, ikalala chini.

Nikavuta breki mapema. Ikalala. Nikalegeza kabisa. Ikaruka.

Babu aliniangalia nikirudia. Hakufurahi, kama nilivyotarajia. Alisema tu, "Basi, isumbue kesho."

Nikaenda Mtanda, hapa hapa mjini. Donati anaishi huko kwa binti yake, kwenye kiduka chao cha nyumbani. Nikamkuta amekaa nyuma ya meza, gongo lake la kutembelea limeegemea gunia la mchele.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nikupe nini?"

"Sukari nusu. Na nimekuja kukualika, babu. Nimejenga reli ya shambani, ile ya zamani, ndogo. Jumamosi tunaionyesha."

Akaacha kupima. "Wewe mjukuu wa nani?"

"Wa Mzee Saidi wa Nyangamara."

Akamalizia kupima, akafunga mfuko fundo moja, akasukuma mbele yangu.

"Sukari yako hiyo. Nenda salama, mama."

Nikaondoka nikijua nimeharibu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nikiwa mkweli, nilitamani niwe na ile kona laini. Kila mtu aliyepita alishangilia kichwa kikipanda mlima, halafu anaona troli inaanguka. Watoto walicheka. Mwenzangu wa kikundi akaninong'oneza, "Si ungeirekebisha kwanza? Unatuaibisha." Babu alikaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, kofia yake magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mara nikasikia gongo kwenye sakafu.

Watu wakampisha. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ubao, hakutazama ukutani. Aliangalia mlima, akaangalia korona, akacheka kidogo kwa pua. Halafu akainama kwenye kona.

"Nani kakuonyesha hii?"

Macho yangu yakaenda ukutani.

"Nauliza, nani? Kona hii ilikaa wiki moja. Hii niliiunga mimi. Hapa," akaweka kucha kwenye goti la pili, "bolti haikuingia, tukapiga na nyundo."

Nikampa mpini wa breki. Sikujua la kufanya lingine.

"Pakia," akasema.

Nikapakia. Akaiachia, akakaza mapema. Troli ikalala.

"Pakia."

Safari hii alilegeza, akakaza kidogo kidogo, kama mtu anayemshusha mtoto mgongoni. Ikalala pale pale.

"Pakia tena, mama."

Alijaribu mara saba. Nilihesabu. Watu walikuwa wameacha kucheka, hata hawakujua kwa nini. Mara ya saba hakuvuta mpini kabisa. Aliweka kiganja chake kikubwa kwenye kona, troli ikaangukia humo, akaifunika.

Akakaa hivyo. Kisha, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kufika ukutani:

"We Mmwera!"

Babu akainua kichwa.

"Mwoga we! Hamsini nzima umekaa na maneno tumboni kama mwanamke mwenye mimba ya nyati! Ungezaa lini?"

Babu akachukua kofia yake magotini, akaivaa.

"Nakuuliza! Nilishawaambia wanangu, yule akifa asije mtu kunichukua. Sasa wamenisikia, itabidi nianze kuwaambia upya. Na kaburini nitashukaje na mguu mmoja? Umenifikiria?"

Babu akasimama. Akasema, na hapo ndipo nilipolia wakuu, mbele ya mgeni rasmi wa maonyesho na kamera zake:

"Utashushwa na kamba, Mmakonde we, kama gunia la mihogo. Na kuku hupewi."

"Nisipopewa kuku sitoki. Watakuzika juu yangu."

Wakashikana mikono, kisha hawakuachiana. Donati alikuwa bado ana troli yangu kwenye kiganja kingine. Hajanirudishia mpaka leo. Iko Mtanda, juu ya rafu, kati ya viberiti na majani ya chai.

Babu yupo hai, anakohoa, anatukanwa kwa simu kila Ijumaa baada ya swala. Anasema Donati anampigia makusudi akiwa anakula.

Nilichojifunza? Kwenye kuandika nilikuwa napenda kulainisha. Mtu wangu akikwama, nampindia njia ipitike. Siku hizi nikifika penye goti naliacha goti, nauliza nani aliliunga, alikuwa na haraka ya nini, na kifaa gani alikikosa. Riwaya imetoka pale ilipokwama. Mtu wangu anapita kushoto.

Ubao bado ninao. Mwenye mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye reli za mkonge, iwe Lindi, Kilwa au popote, aniandikie hapa chini anachokumbuka, hata kama ni jina la kona tu. Na mwenye mtani aliyenyamaziana naye, atuambie kwanza sisi kama bado ni vigumu kumwambia yeye.

Nawasoma.