Siku Ziwa Lilipomkataa Mama Mapasa

Nikiwa bado mtoto wa kuvalishwa nguo sawa na za pacha wangu, nilimwona mama yangu akishushwa kwenye mashua kama mwizi. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka, na sitaki mtu aniambie yaishe, eti ni mambo ya zamani. Ya zamani kwa nani?

Nieleze kwanza. Kwetu Waluba wa Katanga, pacha tunawaita mapasa, na majina yao hayachaguliwi: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Mimi ni Kabange. Mama yetu naye jina lake la ubatizo lilizikwa siku ile tuliyozaliwa. Mtaa wetu wote wa Kasungami ukamwita Mama Mapasa. Pamoja na jina hilo alipewa miiko. Akitaka kuvuka mto au ziwa, sharti awe na pemba, ule udongo mweupe. Atupake kidogo usoni, kisha atupe kipande majini na kuyaamkia maji kama anavyoamkia mkwe. Bibi, mama yake mama, aliyeishi ng'ambo ya ziwa Tshangalele, hakuwa na mchezo na jambo hilo.

Katekista wetu naye hakuwa na mchezo. Alimwambia mama achague, pemba au komunyo, na mama akachagua komunyo. Bibi aliposikia alifura. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, anatuchagulia samaki wadogo, akamwambia mama bila hata kuinua kichwa:

“Siku moya mayi itakuuliza, na miye sitakuwa pale juu ya kukujibia.”

Baada ya hapo tulivuka ziwa lile mara nyingi bila pemba, kwenda na kurudi, na hakuna aliyelowa hata kidole. Hilo watu hawalisemi. Watu husimulia siku moja tu.

Siku hiyo Bibi alikuwa amefariki. Simu ilitukuta nyumbani, ikasema mazishi ni kesho yake mchana, kwa sababu kule kijijini hakuna mahali pa kuhifadhi maiti. Mama alikuwa binti pekee. Kumwosha mzazi na kumvalisha mara ya mwisho ilikuwa kazi yake, si ya mtu mwingine, na alikuwa amebeba kitenge kipya cha kumfungia. Tukasafiri kwa lori usiku kucha, tukafika ufukweni asubuhi, macho mekundu, vumbi hadi kwenye kope. Mashua ya kwanza ilikuwa imeshafika kutoka ng'ambo na kujaza watu. Tulipata nafasi nyuma, karibu na motere, injini ya mashua. Mama alikalia ubao, furushi lake akaliweka juu ya tanki la esanse, yaani petroli, lililokuwa miguuni pake, sisi wawili tukajibana kila mmoja upande wake.

Motere ikawaka, ikanguruma kidogo, ikazima. Shofere, kijana mwenye kifua kikubwa, akavuta kamba. Akavuta tena. Jasho likamtoka, akavua shati. Kila akivuta, motere inakohoa na kunyamaza.

“Esanse iko?” abiria mmoja akauliza.

“Iko! Nilijaza hapa hapa asubui.”

Akafungua buji, ile inayotoa cheche, akaipangusa kwenye suruali. “Iko kavu,” akasema, akairudisha. Akaminya ule mpira ulio katikati ya bomba la esanse. Ukabaki umebonyea kama kitumbula kilichokaliwa. Mimi mtoto niliuona, maana ulikuwa mbele ya pua yangu. Yeye hakujiuliza kwa nini. Akarudi kwenye kamba yake, vuta nikuvute.

Hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa na beseni la vitumbula vya kuuza alipotugeukia. Akatuangalia mimi na Kyungu, nguo sawa, viatu sawa.

“Aka! Tuko na mama wa mapasa umu mu mashua! Ba mama, mulitupa pemba?”

“Niliacha ile mambo,” mama akajibu kwa upole. “Miye ni mukristu.”

Yule mama wa vitumbula akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Minong'ono ikaanza. Kila mtu akawa na shangazi yake aliyewahi kuzama, kila mtu na mtumbwi wake uliowahi kupinduka. Hakuna aliyeangalia tena motere. Wote walikuwa wanamwangalia mama yangu.

“Mama Mapasa, mushuke kwanza,” shofere akasema. “Tujaribu.”

“Papa, ninaenda kuzika mama yangu.”

“Njo maana ninasema mushuke. Pengine ni yeye mwenyewe njo anakukatala.”

Mshenzi! Ningemjua anakoishi ningekwenda leo hii. Kwa neno hilo moja alimchukua marehemu, akamgeuza kuwa adui wa mtoto wake mwenyewe, ili tu asionekane hajui kazi yake. Mama aliinuka. Akachukua furushi, akatushika mikono, akaingia majini hadi magotini akiwa na nguo yake ya msiba.

Sasa sikilizeni vizuri. Furushi lilipotoka juu ya tanki, shofere akalivuta tanki na kufungua kifuniko ili achungulie kama kweli esanse bado ipo. Likatoa sauti: fyuuu! Niliisikia mimi, kila mtu aliisikia.

“Munasikia?” yule wa vitumbula akapaza sauti. “Mayi imepumua!”

Shofere akaminya mpira, akavuta kamba mara moja tu, motere ikawaka. Vigelegele! Watu wazima, wengine na rozari shingoni, wanapiga vigelegele kwa sababu mwanamke aliyefiwa amesimama majini. Mashua ikageuka, ikaondoka. Kyungu alilia hadi akatapika.

Mashua nyingine haikuwepo hadi jioni, basi tulilizunguka ziwa kwa miguu. Njia ilikuwa ya matope, mama akimbeba huyu kisha yule. Tulipofika jua lilikuwa linashuka, watu walishazika na kunawa mikono. Bibi alikuwa amevalishwa na majirani, kwa kitenge cha kuazima. Mama alikwenda hadi kwenye udongo mbichi, akapiga magoti, akauliza kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwahi kuisikia kwake: “Mama, unanikatala?”

Toka siku hiyo alitembea na pemba kwenye mkoba. Hata daraja dogo la mtaro aliliamkia. Na kwa kuwa alishika pemba, akaona haya kwenda kupokea komunyo, akawa anabaki kwenye benchi la nyuma wenzake wakipanga mstari. Ugomvi wangu na wote wawili, shofere na katekista, uko hapo. Kila mmoja alimvuta upande wake, na walipomaliza kuvuta, mama hakubaki na kitu.

Mimi nikakua, nikaingia kwenye biashara. Nauza vipuri vya motere za mashua hapa Lubumbashi. Wavuvi wananijua kuanzia Kasenga hadi Tshangalele. Mwanzoni nilikuwa nauza tu, kisha wakaanza kunipigia simu wakiwa majini, nikalazimika kujifunza. Siku moja mteja ananiambia motere iliwaka, ikazima, sasa inakataa kabisa. Namwuliza kama kawaida yangu: buji iko kavu au imelowa? Kavu. Basi esanse haifiki. Minya mpira. Umebonyea, hauinuki? Basi tanki halipumui. Juu ya kifuniko kuna skuru ndogo ya hewa. Watu huifunga wakibeba tanki, kisha husahau kuifungua, na motere ikinyonya esanse hewa haiingii, mwisho hakuna kinachokuja. Fungua.

Akafungua. Nikaisikia kwenye simu: fyuuu.

Nilikaa chini nyuma ya kaunta. Kisha nilifunga duka mchana kweupe, nikapakia tanki kwenye teksi, nikaenda Kasungami kwa mama. Nilimwekea lile tanki sebuleni, nikamfungia skuru, nikamfungulia, nikamweleza yote: buji kavu, mpira uliobonyea, furushi lake, kifuniko. Nilidhani nimemrudishia mama yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

“Na ile skuru, nani aliifunga?”

“Shofere, Mama. Alisahau tu.”

“Na nani alimusahaulisha?”

Nilitaka kulipiga tanki lile teke. Nilimkasirikia hata yeye, Mungu anisamehe. Miaka yote hiyo! Nikamwambia kwa ukali, ukali ambao mtoto hasemi na mzazi: “Haya Mama, tuseme ni Bibi aliifunga. Tuseme ziwa lote lilikukatala. Lakini motere iliwaka. Imewaka, inanguruma, na sisi tumesimama pale. Mashua ilikuwa mbali kiasi gani?”

Akaangalia ukutani. “Ilikuwa hapo.”

“Na nani aliwakataza kukuchukua?”

Nilisikia redio ya jirani, nilisikia mtu anatwanga. Mikono yake ilikuwa kwenye mapaja, ikaanza kukunja kitenge na kukikunjua.

“Niliita,” akasema.

Sikuwa nalijua hilo. Kelele za motere zilikuwa zimeniziba masikio.

“Niliita ule shofere. Nilimuambia, Papa, sasa imewaka, unipandishe. Aliniangalia mu macho. Ile mama wa bitumbula naye aliniangalia. Kisha bakageuza uso.” Akavuta pumzi. “Kabange, bamoya ba mu ile mashua nilibakuta kule. Balikuwa banakula ku kilio ya mama yangu. Nilibapatia mayi ya kunawa!”

Akasimama. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimtukana hata kuku, alimtukana yule kijana, yule mama na beseni lake, na mashua yote, mmoja mmoja, kwa Kiluba, kwa Kiswahili, tena kwa Kiluba, hadi jirani akazima redio yake.

Kyungu nilipomsimulia kwa simu alisema nilipaswa kumtuliza mama, mtu mzima ana presha. Kyungu huwa hivyo, yeye alishasamehe. Mimi sikumtuliza. Nilikaa pale nikamsikiliza, machozi yananitoka. Nyumbani kwetu hasira ile nilikuwa nimeibeba peke yangu tangu utoto. Siku hiyo mwenyewe alikuja kuichukua.