Mistari ya Chaki Nyuma ya Mlango

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na nikisema fundi namaanisha fundi. Alikutazama tu unavyoingia mlangoni, akakata kitambaa bila kushika futi, na gauni likakukaa kama umezaliwa nalo. Wateja walimwita Jicho. Tuliishi chumba kimoja, cherehani yake dirishani, kitanda changu ukutani.

Mambo ya mwezi yalikuwa yangu. Nilifundishwa na bibi, na sikutaka mtu anielekeze. Mwezi ukiandama nachora mstari wa chaki nyuma ya mlango, kila siku mmoja, mpaka ufe. Mwezi ukikua, damu inapanda, mtu asikatwe hata kucha. Ukipungua, ugonjwa nao unapungua. Majirani walikuja kuniuliza siku ya kunyoa watoto, nami nikiwajibu kama hakimu.

Mwaka ule Jicho akaanza kuumwa macho. Taa aliiona imezungukwa na rangi. Siku moja akashona mkono wa shati penye kola, tukacheka mpaka machozi. Hospitali daktari akamwambia maji yamejaa ndani ya macho, yanabana. Aje Jumanne apasuliwe, asichelewe.

Nikahesabu mistari. Ilikuwa saba. Mwezi bado unapanda.

Nikamwambia asubiri uanze kupungua, siku kumi tu. Akasema daktari amesisitiza. Nikamuuliza, aliyemlea ni daktari au ni mimi. Hapo akarudi kwenye cherehani yake, maana mama alipofariki mgongo uliombeba ulikuwa huu wangu. Kila jioni nikaweka bakuli la maji dirishani limulikwe na mwezi, na asubuhi nikamwosha macho kwa maji hayo. Aliinua uso kama mtoto anayenawishwa, wala hakulalamika.

Siku ya kumi aliamka akaniuliza kwa nini sijafungua dirisha. Lilikuwa wazi.

Daktari alimpasua siku hiyo hiyo, lakini akasema kilichokwisha kufa hakirudi. Akauliza kwa nini hakuja Jumanne. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimekumbatia mkoba wake.

"Nilijichelewesha mwenyewe," Jicho akajibu.

Nami nikaliacha jibu lile lipite. Imepita miaka sita.

Siku hizi anashona vifungo kwa kupapasa, mimi namtungia uzi. Mwezi siuhesabu tena, ila mistari ile sikuifuta. Wiki iliyopita alikuwa anatafuta mtandio wake kwenye msumari wa mlango, kiganja kikapita juu ya chaki. Akasugua vidole, akavinusa.

"Bado unahesabu?"

Nikamwambia hapana, ni ile ile ya mwaka ule. Akangoja. Mimi si mtu wa kuomba radhi, hata marehemu mume wangu alilijua hilo. Lakini miaka sita ilikuwa imetosha.

"Ni mimi niliyekuchelewesha."

"Najua, dada," akasema, akarudi kwenye kiti chake. "Nitungie uzi mweupe."

Nikachukua sindano. Macho yangu ni mazima, lakini tundu sikuliona.