Dakika Nane za Babu Yako Bakari

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na ningependa nisiikumbuke. Keti, chai yako hiyo. Umeniuliza kwa nini nyinyi na wana wa marehemu Mzee Shee hamualikani harusini wala hamzikani, ilhali damu ni moja. Kila mtu hapa Likoni ana sababu yake ya kukueleza. Ya kweli ninayo mimi.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Mimi nilikuwa kijana mwenye baiskeli, na kijana mwenye baiskeli zama hizo alijiona, usiseme. Alfajiri ya siku hiyo Mzee Mwinyihaji, baba yake babu yako Bakari, alifariki hapa hapa. Babu yako alikuwa akifanya kazi kwenye mabehewa kule Changamwe. Aliyeshika mambo ya maziko ni Mzee Shee, nduguye marehemu. Akaniita: "Saidi, kamwite Bakari. Twazika baada ya adhuhuri. Ni mwanawe wa pekee, yataka ashuke kaburini ampokee babake kwa mikono yake. Usikae mahali."

"Inshallah, ami," nikasema. Nikapanda feri, nikapita kisiwani, nikavuka Makupa hadi bara, na saa mbili na nusu nilikuwa Changamwe. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Sasa sikiliza. Kando ya nyumba za wafanyakazi wa reli palikuwa na darasa la watu wazima kila Jumamosi. Mwalimu wetu alikuwa Yeremia, mtu wa Frere Town, mwembamba, asiyecheka ovyo. Nilikuwa mwanafunzi wake, na nilipenda kusifiwa kuliko kula. Nikamsikia dirishani akisema, "Hakuna nguvu inayovuta bila mchukuzi." Nikaegemeza baiskeli, nikaingia. Nikajiambia nasikiliza kidogo tu, maiti haendi popote na adhuhuri bado mbali.

Mambo hayo wewe wayasoma chuo kikuu, hutayashangaa. Sisi tulishangaa. Mwalimu alisema sumaku haivuti chuma hivi hivi. Kuna chembe za mwanga zinazobeba nguvu hiyo, kama wachukuzi wa bandarini wanavyobeba magunia. Kiini cha atomu nacho, kilichoshikana vile, kina wachukuzi wake. Na uvutano wa jua unaoishika dunia isipotee, mchukuzi wake hajaonekana na mtu, lakini wenye hesabu zao wanasema hauwezi kwenda kasi kuliko mwanga, na mwanga wa jua hutufikia kwa dakika nane. "Kwa hiyo," akasema, "jua likitoweka sasa hivi, dunia itaendelea kuzunguka dakika nane nzima. Itazunguka pahali patupu, haina habari."

Tukabishana kwelikweli. Huyu akasema haiwezekani, yule akachora duara ubaoni, na mimi sikutaka mwingine aulize swali zuri kuliko langu. Hata sikuangalia jua limefika wapi. Karibu saa tano nikanyanyua mkono: "Mwalimu, katika dakika nane hizo, dunia imefiwa au haijafiwa?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Imefiwa," akasema, "ila mchukuzi hajafika." Kisha akaitazama kanzu niliyovalia maziko. "Na wewe leo mbona umevaa hivyo?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama jambo dogo, mwanangu, Mungu anisamehe. Akaiweka chaki chini.

"Umebeba msiba wa mtu, ukaketi kwangu kusikiliza habari za jua? Ondoka! Mchukuzi ni wewe!"

Nilimkuta babu yako juu ya behewa akiimba. Aliponiona akapaza sauti: "Saidi! Mzee hajambo? Mwambie Ijumaa naja, nimemnunulia shuka!" Alikuwa amefiwa tangu alfajiri. Zile dakika nane zake nilizirefusha mimi kwa saa mbili na nusu.

Nikampa habari, akashuka, tukarudi amekaa nyuma ya baiskeli. Tulipofika Likoni watu walikuwa wakirudi makaburini na majembe begani. Mzee Shee alikuwa amewazuia saa nzima baada ya swala, mpaka wakubwa wakamwambia maiti hacheleweshwi zaidi. Bakari akamshika kanzu. "Ami, mbona hamkuningoja? Hata kidogo?"

Mzee Shee akanigeukia. "Saidi, kwani ulikwama wapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikasema, "Feri, ami. Feri ilichelewa."

Wallahi, maneno hayo ndiyo yaliyovunja ukoo wenu. Babu yako aliona kwamba feri ikichelewa mtu hungojwa, akaamini ami yake alikuwa na haraka ya kumfukia nduguye, na Mzee Shee akaona ametukanwa mbele ya watu. Hawakusemezana mpaka wakafa. Nami nilikaa kati yao, nikila kwa huyu na kunywa kwa yule, nikisema nitawaambia kesho. Babu yako alinishukuru mpaka mwisho kwa kumchukua kwa baiskeli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Juzi uliponieleza kwamba sasa wamepima, na kweli uvutano hukimbia sawa na mwanga, na mchukuzi wake mpaka leo hajaonekana, ulidhani natokwa na machozi kwa uzee. Nilikuwa nalia.

Basi shika haya, mwanangu. Ukipewa habari ya mtu uipeleke, si yako tena. Kila dakika unayokaa nayo unamwibia mwenyewe. Ukikosea, sema papo hapo, uso ukiwa bado unawaka. Mimi niliogopa aibu ya mchana mmoja, nikawaachia nyinyi uhasama wa miaka yote hii. Na elimu ipende sana, lakini usimsahau aliyekutuma.

Binti yake Mzee Shee yu hai, nyumba ile iliyo karibu na msikiti. Mwambie najua babake alingoja saa nzima. Mwambie feri haikuchelewa, Saidi aliketi. Kisha uwaambie na wa kwenu. Ningekwenda mwenyewe, ila miguu hainichukui tena.

Mungu akufanyie wepesi njiani, akupe ulimi usiotetemeka, na wanao waje waalikwe harusini katika kila mlango wa ukoo huu. Amin.

Hiyo chai iache. Nenda.