Siku Omari Alipobebwa Kwenye Arobaini ya Babu

Moshi wa maganda ya korosho unachoma macho na kukwama kooni. Kila nikiunusa narudi kwenye arobaini ya babu, pilau ilipopikwa kwa maganda hayo nyumbani kwetu Shangani, nikiwa na miaka minane. Sijawahi kumsimulia mtu. Kusema kunanishinda, ndiyo maana naandika.

Babu alikuwa tajiri, na watani wake walikuja wengi. Mnajua mambo yao msibani: walijipaka majivu usoni, wakamwiga marehemu anavyokohoa, wakaficha sufuria ya pilau mpaka ikombolewe. Mmoja akamnyanyua mdogo wangu Omari, wa miaka minne, akamweka mabegani.

"Huyu tumemchukua! Mkimtaka, leteni jogoo!"

"Nendeni naye tu, kazi yake kulia!" baba mdogo akajibu. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Omari alinipungia mkono.

Hadi alasiri jogoo alikuwa amefungwa miguu, anasubiri. Mama akamwendea Bi Somoe, mkubwa wa watani.

"Bibi, utani umetosha. Nirudishie mwanangu."

Bi Somoe akawapitia watu wake kwa macho, mmoja mmoja. "Mwanangu, sisi wote tuko hapa. Yule hatumjui."

Mama akakaa chini palepale, mchangani.

Asubuhi kikaratasi kikakutwa chini ya mlango: baba aachane na ghala aliloachiwa na babu kule Chikongola, mtoto atarudi. Baba mdogo alikisoma kwa sauti huku machozi yakimtoka. "Kaka, ghala ni nini mbele ya mtoto? Achia tu."

Bi Somoe na wenzake, kwa uchungu wa kushukiwa, walizunguka nyumba kwa nyumba. Adhuhuri wakamkuta Omari kule Mtawanya, wakamleta mgongoni. Mama alimkumbatia, akamuuliza kama amekula.

"Baba mdogo aliniletea maandazi," Omari akasema.

Baba mdogo aliangalia kandambili zake. Kisha baba akasema taratibu, "Mtoto ameota." Kwa majirani na kwa polisi likabaki hivi: watani walizidisha mzaha.

Nilidhani baba hakusikia vizuri. Sasa niko kidato cha tatu, na najua alisikia kuliko sisi sote. Alimficha ndugu yake, aibu akambebesha Bi Somoe.

Bibi yetu, mjane wa babu, alipofariki mwaka jana, hakuna mtani aliyetia mguu kwetu. Mlangoni alisimama baba mdogo, akipokea rambirambi. Omari, ambaye hakumbuki chochote, alimwamkia. Nikafuata mimi.

"Shikamoo, baba."

Akaniwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu."