Kikohozi Alichokimeza Mama Pini

Fundi cherehani aliyeitwa Mama Pini hakuwahi kuonekana mdomo mtupu. Akifungua kibanda chake asubuhi, alichomeka pini sita kwenye kona ya kushoto ya midomo, na hapo zilikaa mpaka anafunga. Alipima watu viuno nazo mdomoni, akabishana na wateja nazo mdomoni, na wapo walioapa kwamba siku ya harusi ya bintiye alicheka, akalia, akala akashiba, bila hata moja kudondoka. Maneno yake yalichujwa na zile pini, marefu yakabaki ndani, mafupi yakatoka. Mteja mgeni alihitaji wiki mbili kumwelewa.

Sasa mtu mwenye pini mdomoni hana ruhusa ya kukohoa. Akikohoa, pini itakwenda mbele imchome mteja, au irudi nyuma imchome yeye mwenyewe. Kwa hiyo katika miaka thelathini na moja ya kazi Mama Pini alijifunza kumeza kikohozi. Kikianza kumtekenya koo, alikunja kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, akavuta pumzi kwa pua, nacho kikashuka kilikotoka. Akazoea, mpaka ikafika mahali yeye mwenyewe hajui kama anaumwa au haumwi. Baridi nyingi zilipita, mtaa mzima unapiga chafya, naye anatamba kwamba mafua yakimwona yanavuka barabara.

Mwaka huo baridi ilikuja na hasira. Maji ya ndoo yaling'ata vidole, nguo zilichukua siku tatu kukauka, na paka wa duka la jirani aling'ang'ania pasi ya mkaa ya Mama Pini hadi ikabidi anyooshe suruali mbili paka akiwa juu yake. Katikati ya baridi hiyo hiyo bintiye akajifungua, wiki tano kabla ya siku zake. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba sweta aliyoshonewa ilimtosha mkono mmoja tu, yaani yeye mzima ndani ya mkono mmoja wa sweta. Wakamwita Punje.

Nesi aliyewaruhusu kwenda nyumbani aliwaweka chini, mama mtu na bibi mtu, akawaambia bila kuzunguka. Ile sindano mama aliyochomwa kliniki ili kinga yake imfikie mtoto tumboni ilihitaji kama wiki mbili kufanya kazi, na Punje aliipa siku nne tu. Ya kumchoma mtoto mwenyewe ilikuwa imeagizwa, ingefika Alhamisi ya wiki inayofuata. Zilikuwa siku tisa. Mpaka hapo, na hata baada ya hapo, asimkaribie mtu mwenye mafua, kwa sababu virusi ambavyo kwa mtu mzima ni kamasi za siku mbili, kwa kichanga kama huyu vinashuka kifuani na kuziba vile vijia vyembamba vya hewa. Mikono ioshwe kwa sabuni. Asibusiwe usoni, asivutiwe moshi, asipelekwe kwenye msongamano, anyonye kadiri atakavyo. Na wakimwona anahema mbio, mbavu zinaingia ndani, au anakataa ziwa, wasingoje kupambazuke wala kukuche, wamlete.

Mama Pini aliitikia kwa kichwa kila neno. Jioni hiyo hiyo alihamisha cherehani kutoka kibandani, akaivusha barabara, akaitega mlangoni kwa bintiye. Kuingia ndani ilikuwa haiwezekani bila kumruka.

Hakuwaamini watu kwa maneno yao. Kila anayetaka kuona mtoto ni mzima wa afya, hata kama kamasi zinamfika kidevuni. Basi akabuni kipimo chake: kucheka. Kicheko, kwa hesabu yake, hufukua kikohozi kilikojificha. Mgeni akifika alisimuliwa habari za bwana mmoja aliyelala amesimama wakati anapimwa suti, akashonewa humo humo usingizini, akaenda akaoa, na wiki nzima baada ya harusi alikuwa bado anatafuta pa kuifungulia. Mgeni akicheka salama, aliletewa sabuni na beseni. Akicheka akakohoa, alioneshwa njia. Fundi viatu alikohoa, akaondoka. Msusi alikohoa kidogo tu, akaondoka pia. Mume wa bintiye, mchora mabango, alipiga chafya moja, akasema ni rangi. Akalala kwa kaka yake siku tatu.

Siku ya pili alifika mama yake mchora mabango. Huyo alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, na watu waliokula chakula cha mkono wake walimwita Bibi Mwiko. Alikuwa ametoka mbali na mzigo kichwani, Punje ni mjukuu wake wa kwanza, na roho ilikuwa imemkaa juu tangu apate habari. Alisimuliwa suti. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mwishoni kabisa, kikohozi kimoja. Akaeleza kuwa ni vumbi la safari. Mama Pini akamjibu katikati ya pini kwamba basi vumbi likae kwa mwanawe mwingine, mtaa wa pili, siku nne, na kama ni vumbi kweli litajulikana.

Bibi Mwiko aliondoka bila kuaga. Lakini siku ya nne kutimia alirudi, uso mkavu, pua kavu, hakukohoa hata mara moja kote huko. Akasimuliwa tena suti, akacheka bila kukohoa. Akanawa mpaka viwiko. Kisha badala ya kuingia alisimama kizingitini akimtazama mwenzake.

"Na wewe, mkwe, nani amekupima?"

Mama Pini akasema yeye haumwi, mafua hayamjui.

"Toa hizo pini basi, tuone kama hayakujui au mmefichana."

Aliyekuwa mlinzi akajikuta amesimamishwa mlangoni mwake mwenyewe. Akazichomoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa sweta aliyovaa. Bibi Mwiko hakumsimulia kitu. Alichukua njiti sita za kiberiti, akazipanga kwenye kona ya kushoto ya midomo, akakunja uso, na kwa sauti ile ile inayochujwa akaanza kumfukuza fundi viatu ambaye hakuwepo. Ndani binti mtu akaangua kicheko. Mama Pini alijikaza, akakunja kidole gumba, akavuta pumzi. Lakini mdomo ulikuwa mtupu, hakuna pini ya kuiogopa, na ile hila ya miaka thelathini na moja ikakosa pa kushika. Akacheka. Kikamtoka kikohozi kizito kilichopeperusha kitambaa kikatoka kwenye cherehani, kikafuatwa na kingine, na cha tatu. Bibi Mwiko alisema baadaye kwamba vingine vilikuwa vya miaka ya nyuma, vilitoka na nyuzi.

Halafu hakuna aliyecheka tena. Asubuhi ile ni yeye aliyemwogesha Punje. Ni yeye aliyemvalisha kikofia, akaukata uzi uliobaki kwa meno, kwa sababu ndivyo anavyokata nyuzi zote, mdomo wake sentimita mbili kutoka kwenye paji lile la uso.

"Mama," bintiye akauliza kutoka ndani, polepole, "ni wewe?"

Alikusanya mkasi, chaki na futi, akavuka barabara kurudi kibandani. Cherehani aliifuata baadaye, akiwa amejifunga kitambaa mdomoni. Kiti cha mlangoni akakikalia Bibi Mwiko.

Kuanzia hapo Mama Pini hakukaa akatulia. Alishona mkono wa koti pahali pa mfuko. Alikata suruali ya kuhani msiba, mguu mmoja ukaishia gotini, mteja akaenda nayo hivyo hivyo kwa kumwonea huruma. Alivuka barabara, akagonga kioo cha dirisha, na bintiye akafunua blanketi ili kifua cha Punje kionekane. Saa hakuwa nayo, lakini alijua upindo wa suruali moja, kwa mwendo wake wa kawaida, ni dakika moja kamili. Akatega sikio kwenye kanyagio lililokuwa halipo, akapinda suruali hewani kwa mguu, akahesabu pumzi za mtoto. Arobaini na sita. Akavuka akarudi, akakanyaga mishono mitatu, akavuka tena. Arobaini na nane. Nesi alisema zikifika sitini wakimbie. Kutoka arobaini na nane mpaka sitini ni pumzi kumi na mbili, na kila akikaa alikuwa akizisikia zinapungua.

Kesho yake Punje akapiga chafya tatu. Mama Pini aliziona kupitia kioo, akaenda kliniki mbio akiwa amevaa koti la mteja lenye mkono mmoja. Nesi alimsikiliza akiwa mbali, akamwambia vichanga hupiga chafya kusafisha pua, tena akamsifu kwa kukaa mbali. Sifa hizo hazikumwingia. Alirudi kuhesabu.

Siku ya nane, mchana, Punje alikataa ziwa. Mara ya kwanza, na baada ya muda tena. Hawakungoja. Binti mtu alimfunga kifuani, Bibi Mwiko akabeba mwavuli wa kukinga upepo, nao wakashika upande mmoja wa barabara. Upande wa pili, sambamba nao, mdomo umefungwa, alikwenda Mama Pini. Wakisimama anasimama. Wakiharakisha anaharakisha. Watu walidhani wamegombana.

Aliachwa kwenye benchi la nje. Alizunguka lile benchi mpaka mlinzi wa geti akamwuliza kama ameangusha kitu. Ndani nesi alimvua Punje nguo, akahesabu pumzi, akamsikiliza mgongoni, akamfunga kifaa cha kupima oksijeni, chenye taa nyekundu, kwenye kidole cha mguu. Upindo mmoja, wa pili, wa kumi. Mama Pini alikuwa ameshapinda mapazia ya jengo zima kichwani mwake alipotoka Bibi Mwiko, akasimama hatua tano, akatangaza kama anayegawa chakula cha shule: kifua safi, pua imekauka kwa baridi tu, imetiwa matone ya maji ya chumvi, na kwa sasa ananyonya kama anadai.

Mama Pini alikaa chini. Mara ya kwanza kukaa akatulia tangu azichomoe zile pini.

Alhamisi Punje akachomwa sindano yake pajani. Nesi akakumbusha kwamba sindano si ukuta, mwenye mafua bado abaki nje. Mama Pini akabaki. Alikohoa kibandani waziwazi, kwenye kiwiko, pini zimo kwenye kimto chake, na mtaa mzima ukasikia sauti ambayo haujawahi kuisikia.

Jumatatu iliyofuata siku mbili zilikuwa zimepita bila kikohozi. Alioga, akabadili nguo, akavuka barabara. Bibi Mwiko hakumpitisha kwa undugu. Alichukua njiti zake sita, akamwigiza akiwafukuza fundi viatu, msusi na mchora mabango, wote watatu, mpaka Mama Pini akashika ukuta kwa kucheka. Kimya. Hakuna kilichotoka. Akaletewa beseni, akanawa kidole kwa kidole. Bintiye akaja mlangoni na Punje, ameamka, macho wazi, mkono mmoja nje ya blanketi.

Hapo ndipo koo lilipomtekenya. Kidogo tu, kama unyuzi. Kidole gumba kikajikunja chenyewe ndani ya kiatu, na pumzi ikapanda puani. Hakuna ambaye angejua. Mikono yake ilikuwa imeshanyooshwa.

Akakikunjua kidole. Akageukia barabarani, akaweka kiwiko mdomoni, akakohoa.

"Bado, mkwe," akasema, "funga mlango."

Bibi Mwiko akaufunga. Lakini kabla Mama Pini hajafika kibandani, pazia la dirishani lilikuwa limeshavutwa mpaka mwisho, na blanketi limefunuliwa. Alivuta suruali ya kwanza iliyokuwa karibu, akaiweka chini ya sindano, akakanyaga akiwa anatazama ng'ambo. Upindo ulikwenda kombo tangu mwanzo. Arobaini na nne. Akageuza mguu wa pili, akaanza upya.